Kodi Niliyoidai Mwenyewe

Watu wa Awindiri, mtaa wetu hapa Arua, Uganda, bado wananitania kwa ajili ya kodi, nami nacheka nao, maana sijawahi kujivunia jambo kama lile.

Tulirudi Arua kutoka ukimbizini Zaire katikati ya miaka ya themanini. Mume wangu, aliyekuwa askari, hakurudi. Kiwanja chetu nilikikuta kimeota nyasi, na mabati ya nyumba ya zamani yalikuwa yamekwenda na wenye nguvu. Nikaenda kwetu Lurujo, kule Koboko, ambako baba alinifundisha kuchoma tofali nikiwa msichana. Nikachoma tanuri zima, kaka yangu akayaleta matofali kwa lori la muhogo. Nikajenga kuta imara, nyekundu. Kisha nikazifunika zote kwa udongo na mavi ya ng'ombe, nikaezeka nyasi juu. Miaka ile nyumba nzuri iliita wageni wenye bunduki. Yangu ilionekana kibanda, na watoto wangu walilala.

Bunduki zilipopungua, mji ukaanza tena kutoza kodi ya nyumba. Wengi hawakujua mambo yake yanavyokwenda, hata mimi nilijifunza kwa kuuliza uliza. Kila mwaka mthamini alipita mtaani akikadiria nyumba ingeleta pango kiasi gani kama ingepangishwa, na bili ilitokana na makadirio hayo. Kabla ya bili kutoka, orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ili mwenye lalamiko aseme. Siku za malalamiko zikishapita, unasubiri mwaka mwingine.

Nilikwenda kuisoma. Kiwanja changu kiliandikiwa: kibanda cha muda, hakuna kodi. Majirani wakanipa hongera. Mimi damu ilinichemka, kwa sababu nilikwishaambiwa kwamba mwenye kibanda cha muda hapewi hati ya kiwanja. Mji ukipima viwanja upya, anaondoka na nyasi zake. Na kiwanja kile ndicho kitu pekee ambacho watoto wangu waliachiwa na baba yao.

"Nimekuja kulalamika," nikamwambia karani.

"Kodi iko kubwa, mama?"

"Hapana iko kodi. Mimi nataka kodi."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. "Mama, watu yote nalia kodi iko mingi, wewe nalia hapana iko?" Lakini karani aliandika lalamiko langu, akasema mthamini atapita tena wiki ile ile.

Nikarudi nyumbani, nikachota maji, nikashika jembe, nikaanza kukwangua ukuta wa mbele. Jirani yangu, askari mstaafu asiyepitwa na jambo la mtu, akasimama kwenye ua.

"Mama watoto, wewe navunja nyumba?"

"Navua nguo yake tu, mzee."

Nilijibu kwa majivuno. Lakini kila bonge la udongo lilipoanguka, hofu ya zamani iliniuliza kama kweli wale wenye bunduki hawatarudi. Niliendelea kukwangua hadi wekundu ukaonekana kuanzia msingi mpaka chini ya paa, nikakaa chini nikalia, kisha nikanawa uso.

Mthamini alikuja na baiskeli yake. Safari hii alishuka, akagonga ukuta kwa vidole, akazunguka nyumba nzima.

"Hii tofali nani nachoma?"

"Mimi."

Akaandika: nyumba ya kudumu. Bili ilipotoka ilikuwa na jina langu, si la marehemu wala la shemeji yeyote. Niliilipa kwa mauzo ya unga, nikarudi kwa barabara kubwa, risiti mkononi, nikisalimia hata nisiowajua.

Lakini furaha kubwa zaidi niliipata kabla ya bili, jioni ile ile mthamini alipoondoka. Jirani yangu alikuja mlangoni, sauti chini.

"Mama watoto, saidia mimi na jembe yako."

"Jembe? Mzee, giza hili unataka kulima nini?"

Akaangalia nyuma, akaangalia nyumba yake ya udongo.

"Mimi pia iko na tofali ndani."

Nikampa jembe. Wiki ile lilipita nyumba hadi nyumba, na mwaka uliofuata, mthamini alipokuja, safu yetu yote ilikuwa nyekundu, nasi tumesimama nje tukimngoja.