Nani Amsemeshe Nyundo Kwanza

"Mimi ndiye mkewe," wifi yangu alisema, akisugua meza iliyokwisha kung'aa. "Neno la kwanza atakalosikia litatoka kwangu."

"Ya kwako keshayakosa mengi, moja zaidi halitamuua," nikamjibu. "Mimi ni dada yake mkubwa. Hata kusema nilimfundisha mimi. Kabla yangu alikuwa akilia tu, kama paka aliyebanwa na mlango."

"Mama, shangazi, punguzeni kelele," binti yao akapaza sauti kutushinda sote wawili. "Aanze mwanangu. Babu yake hajawahi kumsikia sawasawa tangu azaliwe."

Mwenyewe mjukuu alikuwa anarukaruka juu ya kochi, akiimba kwamba babu analetewa masikio mapya.

Huyo babu ndiye kaka yangu, na sisi tunamwita Nyundo. Ni fundi bati. Ndoo, karai, majiko, masanduku, vyote hupita mkononi mwake. Tangu ujana amegonga bati chini ya paa la bati, katika banda moja na mafundi wenzake, na kelele za mle ndani si za kusimuliwa. Nimeona kwa macho yangu haya kuku wa jirani akitaga yai bapa kama sahani. Asiyeamini akamuulize kuku.

Masikio yake yaliisha kama sabuni inavyoisha: huoni ikipungua, unashtukia kilichobaki mkononi ni kipande. Kilichomponza ni kwamba hayakuisha yote. Fundi mwenzake mwenye sauti ya pipa akimwita, anageuka. Lori likija, anapisha. Wifi akimwambia chakula tayari, ametulia kama mtungi.

"Huyu anasikia anachotaka," wifi alikuwa akisema, na akamnunia. Alimnunia mpaka mume akadhani ndiyo sura aliyooa.

Basi akatokea binti mmoja bandani, mtafiti wa mambo ya usikivu na usemi, ana kidude cha kupimia kelele. Nyundo alipogonga karai, kidude kile kikaomba likizo. Binti akawapima mafundi wote, mmoja mmoja, ndani ya chumba kidogo kisichopenywa na sauti: ukisikia mlio, nyoosha mkono. Milio mizito ilipopita, kaka yangu alinyoosha mkono kama mwanafunzi anayejua jibu. Ilipofika myembamba, akakaa kama picha ukutani.

"Mama, mzee hajifanyi," mtafiti alimwambia wifi, aliyekuwa amemsindikiza mumewe. "Kelele za nyundo huanza kula sauti nyembamba. Wanaume wenzake anawapata. Wewe na mjukuu wake mnamfikia vipande vipande, kama redio yenye betri kuukuu."

Wifi akanyamaza. Namjua wifi yangu. Kunyamaza kwake kunastahili kuandikwa gazetini. Njia nzima ya kurudi alimshika mumewe mkono, watu wakadhani anampeleka polisi.

Na leo Nyundo amekwenda kuvalishwa vifaa vyake vya kusikia, kimoja kila sikio. Ndiyo maana nyumba haikaliki.

Lakini hofu pia ilikuwepo. Alipotoka kupimwa, akingoja vyake, alipewa kifaa kimoja kilichotumika. Tukamzunguka sote, kila mtu na sikio lile lile, tukimpigia makelele: unanisikia, unanisikia? Kabla ya jua kuzama alikuwa amekitumbukiza kwenye kopo la misumari. "Bora uziwi," alisema. "Una adabu."

Mtafiti aliposikia hayo hakucheka. Alisema yeye hachunguzi masikio tu, anachunguza na nyumba yanamorudi masikio hayo. Mwanzoni kila kitu kitamchoma, hata kijiko kikigonga kikombe. Watu wengi huvivua siku za mwanzo na wasiviguse tena. Kwa hiyo aseme mtu mmoja mmoja, amtazame usoni, tena kwa sauti ya kawaida.

Sauti ya kawaida. Tulitazamana. Kitu hicho hakijawahi kulala nyumba hii hata kwa bahati mbaya.

"Tufanye mazoezi," binti yao akasema. "Shangazi, anza."

Nikaweka koo sawa. "Karibu nyumbani, kaka."

"Hiyo ndiyo ya kawaida?" wifi akasema. "Umewaita na wa mtaa wa pili."

Binti yao akajaribu, akanong'ona.

"Na huyu anakuja kuiba," nikasema.

Ikawa zamu ya wifi. Akasema hawezi huku tunamkodolea macho, akatupa mgongo, akageukia dirisha na kitambaa chake mkononi.

"Baba..." akaanza, akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. "Jamani, nimwambie nini? Nilimsema miaka yote kwa kosa ambalo si lake. Akisikia sauti yangu akavivua, je?"

Kicheko kiliniishia. Kitambaa kilikuwa kinasugua kioo kilichokwisha kung'aa.

"Wifi yangu," nikamwambia, na hiyo ikawa sauti ya kawaida bila mimi kukusudia, "usitafute neno kubwa. Mpe la kila siku."

Akavuta pumzi. Akasema taratibu, kwa kile kisauti chake chembamba, akiliambia dirisha:

"Baba, vua viatu hapo mlangoni. Nimetoka kupiga deki."

"Nimeshavua."

Sisi wengine tuligeuka. Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni na soksi zake, vifaa masikioni, viatu mkononi. Sauti yake, ambayo siku zote huingia ndani kabla yake, leo ilikuwa ndogo. Mjukuu alifungua mdomo, mama yake akauziba kwa kiganja. Mimi nilikuwa na neno tayari, nikamwachia wifi zamu.

Wifi alikuwa bado ametazama dirisha.