Kiungo Nilichokifunga kwa Tyubu

Nilianza kuogopa kabla gari halijasimama. Nilikuwa kwenye benchi la karakana yangu, pembezoni mwa Kahama, na kikombe cha uji mkononi, nikaliona linaingia bila mlio. Haya magari ya haibridi ndivyo yalivyo, yanatembea kwa betri mpaka uyakanyage kwa nguvu ndipo injini inaamka. Mwenye gari ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Ushirombo, mama mtu mzima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akashuka taratibu kwa sababu ya mgongo wake, akasema ile taa imerudi.

Taa yenyewe ni pembetatu nyekundu kwenye dashibodi. Alieleza kuwa haiji kila siku. Inakuja asubuhi mvua ikiwa imenyesha, au akipita kwenye maji, halafu jua likishika inazimika yenyewe. Akasema gari lake limepata baridi yabisi kama yeye, akacheka. Na mimi nikacheka, lakini kikombe nikakiweka chini.

Nilijua ni nini. Afadhali niseme mapema, nisije nikaonekana hodari wa kutafuta hitilafu ambayo niliiweka mwenyewe.

Wiki tatu nyuma mwalimu alikuwa amepanda jiwe kwenye barabara ya vumbi. Jiwe likachana kifuniko cha plastiki kilicho chini ya gari na kukwangua nyaya mbili nene za rangi ya chungwa. Nyaya hizo zinatoka kwenye betri kubwa iliyo nyuma ya kiti cha abiria na kwenda mbele, na umeme wake unapita volti mia mbili. Mmoja ulikuwa umechubuka mpaka shaba ikaonekana. Wa pili ulikuwa umechanika ganda tu. Dawa ya hapo ni moja, kutoa nyaya nzima na kuweka nyingine, na nyingine ni ya kuagiza Dar es Salaam na kusubiri. Mwalimu akasema hawezi kusubiri. Mitihani ya majaribio ya darasa la saba ilikuwa inakaribia, na mgongo wake hauwezi bodaboda.

Basi nikafanya nilichokijua machimboni. Kwa miaka sita nilikuwa fundi wa pampu kwenye maduara ya Geita, yale mashimo marefu ambayo wachimbaji wanashuka kwa kamba. Kule waya wa pampu ukikatika hakuna anayesubiri waya mpya, kwa sababu maji yanapanda na watu wako chini. Unaunga, unazungushia tepu, kisha unakata tyubu ya baiskeli iwe ukanda mrefu, unaivuta mpaka iwe nyembamba na kuifunga juu yake, tabaka kwa tabaka. Viungo vyangu vilikaa majini miezi. Watu wa maduara mengine walikuwa wakinifuata niwafungie, nami nikavimba kichwa. Nilizifunga nyaya za mwalimu vilevile, nikarudisha kifuniko, nikafuta hitilafu kwenye kompyuta ya gari kwa mashine yangu, taa ikazimika. Nikamwambia gari limepona.

Sasa lilikuwa limerudi, nami nikamwambia huenda ni betri imechoka. Uongo ule ulitoka wenyewe, sikuutafuta. Nikamwomba azunguke sokoni kidogo, arudi mchana. Akakataa. Alikuwa na mzigo wa madaftari ya kusahihisha, akasema benchi linamtosha. Kwa hiyo nililala chini ya gari lake huku naviona viatu vyake, vyeusi, vimepigwa rangi, hatua tano kutoka kichwani pangu.

Mimi ni mwoga wa umeme. Watu hucheka nikisema hivyo. Kule machimboni nilimwona mwenzangu mmoja aliyeshikwa na waya wa pampu akiwa amesimama kwenye maji ya magoti. Tulizima jenereta, tukamtoa, alikuwa ameshakwenda. Waya ule ulikuwa na kiungo, nacho kilikuwa kimefunguka. Nilikiokota na kukigeuza mara mbili kuhakikisha si mkono wangu uliokifunga, na haukuwa wangu. Ni baada ya hapo ndipo nilipomwangalia yeye usoni. Jambo hilo sijawahi kumweleza mtu.

Nilijaza glavu upepo na kuzisikiliza kama zina tundu, nikazivaa. Nikazima gari, nikatoa ufunguo, nikalegeza betri ndogo, kisha nikaichomoa ile plagi ya chungwa inayotenganisha betri kubwa na gari na kuitia mfukoni mwangu ili mtu mwingine asiirudishe nikiwa chini. Halafu unasubiri dakika kumi, kwa sababu umeme uliobaki mbele hauondoki papo hapo unapoufukuza. Nilisubiri ishirini. Mwalimu akauliza kama nimelala. Nikamwambia bado napima.

Utengenezaji wa magari haya una akili yake. Zile nyaya mbili hazigusi bodi, yaani chuma cha gari, hata kidogo. Mmoja ukianza kuvuja kwenda kwenye bodi, hakuna anayedhurika, gari linawasha taa tu na kukuonya. Ni wa pili ukivuja ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu hapo umeme umeshapata njia ya kwenda na ya kurudi, na hujui kitakachokuwa katikati yake ni nini, au ni nani. Kwa hiyo swali langu pale chini lilikuwa moja tu: ni mmoja, au ni zote mbili?

Nilipima zikiwa kavu; namba ikiwa kubwa, umeme hauvuji. Kipimo kikanipa namba nzuri kabisa, namba ya gari lisilo na kasoro. Kwa dakika moja nikamshukuru Mungu, nikaanza kuamini kwamba kweli ni betri. Kisha nikachota maji kwa jagi, nikayamwaga juu ya viungo vyangu, nikapima tena. Waya wa kwanza namba ikaporomoka mpaka karibu na sifuri. Niliutegemea huo. Nikahamia wa pili, nikawa naomba kwa Kisukuma, maana nikiogopa Kiswahili hunikimbia. Namba ilikaa kidogo, kisha ikaanza kushuka polepole, ikashuka, ikashuka, na jasho likaniingia machoni.

Nikakata tyubu kwa wembe. Ndani mlikuwa na maji ya siku nyingi, yamechanganyika na vumbi jekundu, na shaba imeanza kuota kijani. Tyubu haikuzuia maji kuingia, ilizuia yasitoke. Na ule weusi wa mpira wa tyubu una masizi ndani yake, masizi hupitisha umeme kidogo, jambo ambalo nilishalisoma mahali na kulipuuza kwa kuwa pampu zangu hazikuwahi kulalamika. Pampu haina kompyuta ya kulalamikia. Ingekuwa nayo, huenda mwenzangu angekuwa hai.

Nilibaki nimelala pale zaidi ya ilivyohitajika. Nilikuwa na maneno mengine tayari. Ningeweza kusema ni panya, kwa sababu panya hutafuna nyaya kila mahali na hakuna mwenye gari anayewatetea. Ningesema ni jiwe jingine. Mwalimu angeamini, angeniachia gari, ningeagiza nyaya mpya kimyakimya, na jina langu lingebaki safi toka Kahama mpaka Runzewe. Viatu vyake vilisogea. Alikuwa anakuja kuchungulia, na goti lake moja lilikuwa tayari limegusa ardhi iliyolowa kwa maji yangu. Nikapiga kelele asiguse gari. Lilikuwa limezimwa, plagi iko mfukoni mwangu, hakukuwa na hatari yoyote, lakini nilipiga kelele.

Nikatoka chini na kipande cha tyubu mkononi. Nilimwambia yote, kuanzia jiwe mpaka tyubu, na kwamba maneno ya betri niliyatunga. Nilimwambia hataondoka na gari lile mpaka nyaya mpya zifike, na kwamba nitamtafutia usafiri wa kurudi nyumbani. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mtoto aliyechelewa shule. Alipomaliza kunisikiliza akavua miwani.

"Lingeweza kuua mtu?"

"Lingeweza, mwalimu."

Alikaa kwenye benchi. Nilitegemea anitukane, na ningefurahi kutukanwa. Badala yake akaanza kunieleza habari za Jumatano iliyopita. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na wanafunzi wake saba wanaotoka ng'ambo ya mto walikuwa wamekwama njiani, mtihani unaanza saa mbili. Akawapakia wote, mmoja juu ya mwingine. Kwenye bonde maji yalifika mlangoni, taa ikawaka. Aliiona. Akaendelea kwa sababu fundi alikuwa amesema gari limepona.

"Nikawaambia wavue viatu," alisema. "Wasinichafulie zulia. Wakakaa na miguu imelowa, imegusa vyuma vya chini ya viti, viatu wamevishika mikononi."

Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa kama alikosea kuwaambia wavue.

Nilimwambia hapana, kosa ni langu peke yangu. Sidhani kama alinisikia. Alikuwa ameanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, akikunja vidole, na alipofika wa saba akarudia tangu mwanzo.