Kapu la Tatu

Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna barua iliyoingia katika ofisi ile bila kupita mikononi mwa Bi Masjala. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye hati za mshahara tu. Wengine wote, kuanzia mkuu wa ofisi hadi mfagizi, walimwita hivyo, na mumewe naye akalizoea hadi akawa anamwita Bi Masjala mezani. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye ujia, chenye dirisha lisilofungika vizuri, kabati sita za chuma, na meza iliyotiliwa katoni chini ya mguu mmoja ili isiyumbe. Barua ikifika, aliifungua kwa kisu butu, akaigonga muhuri wa tarehe, akaiandika kwenye daftari, akaipeleka inakostahili. Aliionea fahari kazi yake, tena kwa haki. Ungemuuliza barua ya miaka minne iliyopita iko kabati gani, angekujibu kabla hujamaliza swali.

Katika barua hizo kulikuwa na za Mzee Daraja. Huyu alikuwa seremala mstaafu aliyekaa ng'ambo ya korongo, upande usio na zahanati. Watu wa kwao walivuka kwa daraja la mbao, na mbao zilikuwa zinaoza. Mzee alizijua mbao kuliko ofisi nzima ikikusanywa pamoja, kwa hiyo aliandika. Kila mwezi, kwa mkono, mistari imenyooka. Alizileta mwenyewe, na Bi Masjala alimkaribisha kiti, akamgongea muhuri kwenye nakala yake ili awe na ushahidi. Mzee akishatoka, ofisi ilivunjika mbavu. Dereva alikuwa hodari wa kumwigiza anavyopapasa ubao kwa kidole cha mguu, na Bi Masjala alicheka pamoja nao hadi akafuta machozi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemchoka mzee, basi, na kucheka na wenzako kazini ni raha.

Ndipo yakaja mafunzo. Siku tatu, ukumbi wa mikutano, kompyuta kumi na mbili zilizopangwa mezani, na bango lililosema watumishi wa umma wajiandae kwa akili mnemba. Watu waliingia wakiwa na roho juu, kila mmoja akijiuliza kama anafundishwa kazi au anaagwa. Mkufunzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, aliwatoa wasiwasi. Alieleza kwamba barua zitapigwa picha, mashine itazisoma na kuzigawa katika makapu matatu: Haraka, Kawaida, na Haihitaji Hatua. Kapu la kwanza lingefunguliwa kila asubuhi, la pili kila wiki, la tatu mara moja kwa miezi mitatu.

"Lakini mashine hii haijui kitu," alisema. "Nyinyi ndio mtakaoifundisha. Mtazitia alama barua zenu za zamani, moja moja, nayo itaiga mkono wenu. Mkifanya ovyo, nayo itafanya ovyo, tena kwa haraka kuliko nyinyi."

Bi Masjala aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake na kuyapigia mstari. Niseme kweli, alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote. Vijana waliomcheka anavyoshika kipanya siku ya kwanza, siku ya pili walikuwa wanamuomba msaada.

Siku ya tatu mchana, aliyemaliza fungu lake alikuwa huru kwenda kula na kurudi nyumbani. Chakula kilikuwa kimeshafika. Harufu ilipita chini ya mlango. Bi Masjala alikuwa amebakiza barua za Mzee Daraja, arobaini na moja. Akakumbuka kwamba mashine ilikuwa na njia ya kukusanya barua zote za mtu mmoja na kuzitia alama kwa mpigo.

"Huyo naye!" alisema mpiga chapa aliyekaa nyuma yake. "Mpeleke kapu la tatu akapumzike."

Meza nzima ikacheka. Bi Masjala akacheka, akabonyeza. Barua arobaini na moja zikaenda zote kwa wakati mmoja, naye akawa wa kwanza kusimama. Wakampigia makofi. Wiki iliyofuata alipewa cheti, na jina lake likapelekwa juu kuwa mwezeshaji atakayezunguka mitaani kuwaeleza wananchi namna barua zao zitakavyosomwa sasa.

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Barua zilijibiwa upesi kuliko zamani, na hata waliokuwa wanaiogopa mashine wakaanza kuisifu. Siku moja ya Jumanne, ubao ukavunjika. Mke wa Mzee Daraja alikuwa anarudi kutoka zahanati na dawa zake za presha. Mguu ukazama kwenye daraja hadi kwenye nyonga, na mfupa wa paja ukakatika. Daktari alisema kwa umri wake asitegemee kutembea tena bila kushikwa.

Mkuu wa ofisi aliagiza zitafutwe barua za mzee. Tangu mashine ianze kazi alikuwa ameleta mbili, na zote zilikuwa kapu la tatu, hazijafunguliwa na mtu. Ya mwisho ilikuwa na wiki tatu. Ilisema: "Ubao wa tatu kutoka upande wa zahanati hautafika mwisho wa mwezi."

Watu sita walikuwa wamesimama mbele ya skrini. Mkuu akavua miwani.

"Kwa hiyo mashine imekosea," alisema.

Chumba kizima kikashusha pumzi. Mashine haina mdomo wa kujitetea wala watoto wa kulisha, unaweza kuitwika chochote. Bi Masjala, kwa kuwa ndiye mtaalamu, aliambiwa aandike taarifa. Aliandika maneno matatu mahali pa sababu, "Hitilafu ya mfumo," akatia sahihi. Hakusita, na hilo ndilo lililokuja kumuumiza baadaye.

Siku kumi baada ya hapo ilikuwa zamu yake kuwafundisha wananchi wa ng'ambo ya korongo. Alitafuta udhuru, akaukosa. Darasa la shule lilijaa watu kama arobaini, na mstari wa mbele, ameweka kofia magotini, alikaa Mzee Daraja. Bi Masjala alifundisha saa nzima akitazama ukuta wa nyuma. Alieleza makapu matatu, akaeleza namna ya kuandika barua ifahamike. Alipouliza kama kuna swali, mzee akasimama.

"Binti yangu, hiyo mashine ilifundishwa na nani?"

Maneno yalikuwepo. Yalifika hadi kwenye meno. "Wataalamu, baba," alisema.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Basi hao hawajawahi kulivuka daraja letu," alisema, akakaa.

Jioni ile Bi Masjala aliuzungusha mkono kwenye sahani bila kula. Mumewe, fundi redio, mtu wa maneno machache, alimtazama kwa muda.

"Chakula kimekukosea nini?"

Akamweleza yote: makofi, kicheko, taarifa, swali la mzee. Alieleza akiwa amejiinamia, kwa sababu kulisema jambo lile kwa sauti kulimwonyesha ukubwa wake. Alikuwa amemvunja mama wa watu mguu kwa ajili ya kuwahi sahani ya wali.

"Kamwambie," alisema mumewe.

"Nikamwambie nini?"

"Hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

Asubuhi alianza na mkuu wa ofisi. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka na kufunga mlango.

"Bi Masjala, ukweli huo utamponya nani mguu?"

"Hautamponya mtu, mkuu."

"Basi uache. Utajiharibia bure, na mimi pamoja nawe."

Hakuuacha. Alirudi chumbani kwake akaandika barua ya ukurasa mmoja, akieleza kwamba mfumo haukuwa na hitilafu, kwamba uliiga alichoufundisha yeye, na kwamba barua za wakazi wa ng'ambo ya korongo zisomwe upya. Kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, akaipitisha kwenye mashine kama barua nyingine. Mashine ikaisoma. Ikaona daraja, ikaona korongo, ikaitupa kapu la tatu. Haihitaji Hatua.

Bi Masjala alicheka peke yake, kicheko kibaya, kisha kikakatika. Aliihamisha kwa mkono hadi kwenye Haraka. Halafu akalifungua kapu la tatu lenyewe, akakuta barua sitini na nne. Mashine ilikuwa mwanafunzi mzuri kama yeye: haikuishia kwa mzee mmoja, ilielewa kwamba watu wote wa upande ule ni wasumbufu. Palikuwa na barua ya mwalimu kuhusu paa, na ya mama aliyeomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe mara tatu. Alikaa siku mbili akizisoma neno kwa neno na kuzipanga upya. Hakuna aliyemsaidia, wala hakumuomba mtu.

Jumamosi mchana alivuka daraja. Ubao wa tatu ulikuwa mpya, umepigiliwa vizuri, na alijua bila kuuliza ni mikono ya nani. Nyumba ya mzee ilikuwa ya vyumba viwili, na kitanda kilikuwa kimesogezwa sebuleni karibu na dirisha. Mke wake alikuwa amelala chali, mguu umefungwa plasta kutoka kiunoni, macho yake makali na mazima kabisa.

"Karibu mama," alisema mzee, akamvutia kiti.

Hakukikalia. "Baba, uliniuliza ni nani aliyeifundisha mashine, nikakudanganya. Ni mimi. Siku ya mafunzo nilizipeleka barua zako zote kapu la tatu kwa mpigo mmoja. Arobaini na moja. Nilitaka kuwahi chakula, na wenzangu walikuwa wanacheka."

Mzee alikaa yeye kwenye kile kiti.

"Ulizisoma?"

"Nilizigonga muhuri."

"Nimeuliza kama ulizisoma."

"Za mwanzo nilizisoma. Baadaye hapana. Nilikuwa nikiona neno daraja, najua."

Alitamani mzee amfokee. Alikuwa amejiandaa kufokewa, hata kufukuzwa. Mzee alikuwa anatazama viganja vyake tu.

"Mpe nakala," alisema mke wake kutoka kitandani.

"Za nini sasa?"

"Asome. Asomee hapa, kwa sauti. Mimi siendi popote."

Mzee akatoa bahasha kubwa ya kaki kutoka chini ya godoro. Zilikuwa arobaini na tatu, zimepangwa kwa tarehe, kila moja na muhuri wa masjala kwenye kona. Bi Masjala akakaa kwenye ukingo wa kitanda, hapakuwa na mahali pengine, akaanza. Barua ya kwanza ilitaja upana wa kila ubao. Ya tano ilieleza aina ya mti unaofaa na mahali unapopatikana. Ya tisa ilikuwa na mchoro. Ya kumi na mbili mzee alijitolea kufanya kazi mwenyewe bila malipo, wampe mbao tu. Sauti ilianza kumkauka, mzee akamletea maji, akanywa, akaendelea.

Alipofika ya kumi na saba, alisoma mstari wa juu kimoyomoyo.

"Sauti," alisema mke wa mzee.

"'YAH: Pongezi kwa karani wa masjala,'" alisoma. "'Mkuu wa Ofisi, leo sikuandikii kuhusu daraja. Naandika kumpongeza mama wa masjala. Tangu nianze kuleta barua zangu hunipokea kwa heshima na kunipa kiti, wala hajawahi kunicheka. Naomba mtumishi wa namna hii atambuliwe.'"

Kwenye kona palikuwa na muhuri alioupiga yeye mwenyewe, umekaa sawasawa, mzee akiwa amesimama mbele yake. Bi Masjala aliiweka karatasi magotini. Aliificha sura kwa kiganja akalia, bila kujizuia, mbele ya watu wawili ambao hawakumwambia anyamaze wala hawakumwambia amesamehewa.

Mke wa mzee alingoja mpaka alipomaliza kupangusa uso.

"Endelea, mama," alisema. "Zimebaki ishirini na sita."