Kutoka Bute Kwenda Bute

Mimi ni mtu wa tambarare. Garissa hainuki popote isipokuwa kwenye matuta ya barabarani, na ukisimama juu ya tuta lililo mbele ya msikiti wetu unaweza kusema umeona mandhari. Kwa hiyo watu walishangaa, nami nikiwa mmoja wao, nilipoanza kupanga safari ya vilima vilivyo nyuma ya Bute, katika umri ambao wenzangu wananunua miwani ya kusomea. Ningepanda kilele cha kwanza baada ya sala ya alfajiri, nifuate mgongo wa kilima hadi cha pili, nishuke bondeni, nipande cha tatu, kisha niteremkie upande wa pili na kurudi nilipoanzia kabla ya magharibi. Mzunguko wa siku moja. Kwamba kuufikia mwanzo wa mzunguko huo kulihitaji siku mbili za kutikiswa garini, hilo sikuliona kuwa hoja.

Yote yalianza binti yetu wa mwisho alipokwenda chuo kikuu Eldoret. Nyumba ikabaki na watu wawili na viti vingi. Tangu hapo kukaa kukanishinda. Nikikaa kibarazani, mguu unacheza wenyewe. Nikifungua kitabu, nasoma ukurasa hadi chini na sijui umesema nini. Nainuka kwenda kuangalia kama tangi lina maji, narudi, nainuka tena kwenda kuliangalia.

"Kaa, baba watoto," mke wangu alisema. "Hata ngamia hupiga magoti."

Nilipokuwa mwanafunzi Nairobi, wenzangu waliwahi kunitembeza vilimani kutwa nzima, na jioni nikajikuta mbele ya kioski kilekile tulikoanzia. Nilidhani wamenifanyia mzaha. Kwetu mtu hutembea kwenda kwenye maji, kwenye malisho au mnadani. Anayetembea kutwa na kurudi alikotoka mikono mitupu amepotea, na huombewa dua. Lakini sijaisahau jioni ile: miguu ilikuwa imekufa, kichwa kimya kama kisima kilichofunikwa. Kimya hicho ndicho nilichokitaka tena.

Basi nikapanga, na mimi nikipanga jambo huwa kama mtu anayehamisha serikali. Nilitazama picha za setilaiti kwenye simu mpaka macho yakatoka machozi. Nikachora ramani, nikaibandika kwenye mlango wa friji. Adhuhuri ningesali kwenye kilele cha pili, alasiri kwenye visima vya chini. Niliacha sukari kwenye chai ili nipungue tumbo. Nikanunua viatu vya kupandia mlima kutoka kwa kijana wa mitumba, ambaye aliniuliza kwa huruma, kwa lafudhi yetu inayogeuza p kuwa b, "Mzee, unataka ya kubanda mlima ama ya kubeleka mbuzi?" Kisha nikamwomba mke wangu anitengenezee nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa kwa samli, ambayo haiharibiki hata ukiisahau mwezi mzima.

Aliniangalia kwa muda. "Nyirinyiri?"

"Ya safari."

"Haya," akasema, akaenda kuangalia samli.

Nilibakiza jambo moja tu. Bute kuna shangazi yangu, dada ya baba, na kuna ukoo mzima nyuma yake. Wakisikia nimefika watachinja mbuzi, kisha nyumba ya pili itachinja wake isionekane bahili, na jua litatua nikiwa bado nimeegemea mto, nanawa mikono. Siku yangu moja ingeliwa na nyama. Kwa hiyo nilimpigia binamu yangu wa huko, mwenye duka la bidhaa, mtu ninayemwamini.

"Warran?" akauliza. Ndiyo salamu yetu: toa habari. Kwetu ukikutana na mtu, hata porini, anakudai habari zote: umetoka wapi, unakwenda wapi, kwa nani, kwa sababu gani. Asiye na majibu hupewa maji, lakini pia hupewa mtu wa kumfuata kwa macho.

"Nakuja Bute," nikasema.

"Karibu! Kwa nani?"

"Si kwa mtu."

"Kwenye mnada?"

"Hapana. Nataka kutembea vilimani siku moja, basi."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka Bute."

"Kwenda wapi?"

"Bute."

Nilisikia mtu dukani kwake akiomba kilo ya mchele.

"Na tafadhali," nikaongeza, "asijue mtu. Hasa shangazi."

"Ahaa," akasema, kwa sauti ya upole ambayo ningepaswa kuiogopa. "Nimekuelewa, walaal, ndugu yangu. Usijali. Mwanamume ni mwanamume."

Nikakata simu nimeridhika. Kumbe nilikuwa nimemwambia, kwa lugha inayoeleweka na kila mtu kuanzia Ijara hadi Eldas, kwamba naoa mke wa pili.

Binamu hakumwambia mtu, isipokuwa mkewe. Mkewe naye hakumwambia mtu, isipokuwa dada yake. Siri ikateremka hadi Wajir, ikashika barabara ya Garissa, ikafika kwa mama mkwe wangu kabla sijanunua madumu ya maji.

Niliporudi kutoka sala ya alasiri nilimkuta ameketi uani kwenye mkeka, birika la chai mbele yake. Mke wangu amesimama, ameshika viatu vyangu vipya kwa kamba, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba panya.

Kwa adabu yetu, mama mkwe hamkabili mkwe wake uso kwa uso. Yeye alizungumza na birika.

"Kuna watu wananunua viatu uzeeni," aliliambia. "Wanaacha sukari, wakonde. Halafu wanamwambia mke awakaangie nyirinyiri, chakula cha harusi, kwa mikono yake mwenyewe! Wakiulizwa, wanasema wanakwenda kutazama mawe."

Kweli, nyirinyiri ni chakula cha safari, lakini pia ndicho kinachopelekwa harusini, ndani ya chombo kilichofungwa kamba. Mimi msomi nilikuwa nimekumbuka nusu.

"Ni nani?" mke wangu akauliza.

"Hakuna."

"Wa ukoo gani?"

"Hana ukoo. Yaani, hayupo! Ni vilima."

Nilikimbilia friji, nikaleta ramani. Nikamwonyesha kwa kidole. "Hapa ndipo nitakapoanza. Hiki kilele cha kwanza, hiki cha pili, hiki cha tatu. Na hapa ndipo nitakapomaliza."

"Ni palepale."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo huendi popote."

"Ndiyo! Hasa."

"Unasafiri siku mbili, usiende popote. Na shangazi yako asijue."

Ikisemwa hivyo, hata mimi nilianza kujishuku.

Hakupiga kelele. Aliweka viatu chini, akasema polepole, "Mimi namjua mtu mmoja tu aliyekwenda na kurudi kati ya vilima. Yule mama wa Maka, ambaye mahujaji hufuata nyayo zake. Alikuwa na mtoto anayelia kiu, alikuwa anatafuta maji. Wewe umekosa nini?"

Nilikuwa na majibu ya kitaalamu: mzunguko wa damu, daktari, faida za hewa safi.

"Sijui," nikasema. "Tangu mtoto aondoke siwezi kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Hapa."

"Hapa na nani?"

Nikaelewa kwamba swali hilo alikuwa amelibeba wiki zote nilizokuwa nakwenda kuangalia tangi.

"Si wewe," nikasema. "Wallahi si wewe."

"Unadhani mimi nakaa?" akasema. "Nasugua sufuria zilizo safi. Napanga nguo za msichana asiyekuwepo. Ungeniuliza, si ungeniuliza? Umeiuliza simu yako, umemwuliza mwenye duka Bute."

Nikampigia binamu, nikaweka sauti wazi, nikaiweka simu mkekani karibu na birika.

"Bwana harusi!" binamu akapaaza sauti. "Mambo yako yanakwenda vizuri, kuna nyumba moja hapa..."

"Niko na mke wangu," nikasema. "Na mama mkwe. Wanakusikia."

Binamu akakohoa.

"...vilima vizuri sana mwaka huu," akasema binamu. "Mvua imenyesha."

"Mwambie shangazi tunakuja. Wawili. Mwambie kila mtu."

"Kila mtu? Basi vilele vyako visahau. Ukipata kimoja, shukuru. Mbuzi wa kwanza utamla saa nne asubuhi."

"Najua," nikasema. Na nilijua. Niliitazama ramani yangu, ile duara niliyoichora kwa uangalifu, na nikaona nyumba zimeota juu yake, kila moja na kisu chake.

Mama mkwe alijimiminia chai. "Mwendawazimu," aliliambia birika, "ni afadhali kuliko mwongo."

Mguu wangu ulikuwa bado unacheza. Mke wangu aliutazama kidogo, kisha akavua ndala, akaingiza miguu yake kwenye viatu vyangu, ambavyo vingeweza kumchukua yeye na binti yetu pamoja. Akaondoka kuzunguka ua: akapita tangi, akapita kamba ya nguo, akapita dirisha la chumba cha msichana bila kugeuka, akarudi mkekani akiburuta visigino.

"Ndiyo hivi?"

"Ndiyo hivi."

"Na mwisho wake unapata nini?"

"Chai," nikasema.

Akafikiri. Akainama, akazikaza kamba, akaondoka tena, safari hii kwa haraka zaidi, nami nikaenda nyuma yake.