Viboko Niliowaongeza kwa Kalamu

Viboko nilivyovijua kwa mwili wangu ni vya shule ya sekondari. Wale wa majini, kule ziwani Muleba, niliwajua kwa karatasi tu, na bado serikali ya Mwingereza ilinikabidhi uhai wao. Nilikuwa karani wa Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori mjini Bukoba, nami sikupenda kulala mbali na ndizi za mama yangu. Nikapewa mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono.

Wakulima wa ufukweni walilalamika kwamba viboko wanamaliza viazi vyao. Bwana Nyama alitaka kupiga risasi idadi fulani kila mwaka, bila kulimaliza kundi. Kila mstari wa karatasi yangu ulikuwa mwaka mmoja: walio hai, ongeza wanaozaliwa, toa wanaokufa, toa wa risasi, wanaobaki peleka mstari wa chini.

Idadi ya kuanzia aliileta mlinzi wa wanyama kutoka Muleba, mzee mwembamba mwenye kofia ya kazi iliyomzidi kichwa.

"Angalia vizuri, bojo," aliniambia, kama anayemsihi mwanawe. "Wakiisha hawa, na mimi kazi imeisha."

"Mashine haikosei, mzee."

"Sikuuliza habari za mashine."

Nikazungusha. Mashine ile, ukitoa kikubwa kwenye kidogo, hupiga kengele. Ililia mstari wa tatu: mwaka huo viboko wangeisha.

Hapo akili yangu ya shule ikaamka. Nilimkumbuka mama siku alipoulizwa na karani ana watoto wangapi. Alijibu, "Ni hao unaowaona," na sisi wengine tuko kibanjani nyuma ya nyumba. Kwetu hakuna anayetaja watoto wake wote. Ni kuwaitia kifo. Nikasema basi, na huyu mzee ni Mhaya, amepunguza. Nikaongeza kiboko mmoja kwa kila watatu, kwa mwandiko mzuri. Nikazungusha hadi mstari wa ishirini, kengele haikulia. Bwana Nyama akatia sahihi, akanisifu. Nami nikajisifu zaidi yake.

Mwaka wa kwanza walipiga, wa pili wakapiga. Wa tatu mzee alikuja mwenyewe. Karatasi yake haikuwa na namba hata moja.

"Wengine wako wapi?" niliuliza.

"Wengine wapi?"

Nikamweleza. Aliniangalia kama mtu anayeangalia sufuria iliyotoboka.

"Watoto wa watu ndio hawahesabiwi! Mimi nilihesabu masikio juu ya maji, nikagawa kwa mbili. Ulidhani kiboko anaelewa Kihaya?" Alicheka peke yake, akaacha. "Ungekuja kuona."

"Barabara ilikuwa na mvua, waitu," nilisema kwa heshima zote.

"Miaka mitatu, mvua?"

Akaigusa mashine kwa kidole. "Na hii haikukwambia?"

"Iliniambia. Ile mara ya kwanza kabisa ilipiga kengele."

Alivua kofia, akaiweka juu ya mashine, akatoka. Mlangoni hakugeuka.

Bwana Nyama aliniagiza niirudishe kofia stoo na kuiandika daftarini. Nikaandika: kofia, moja. Hiyo sikuiongeza.