Nilishona Jina la Mama Atieno kwenye Plastiki

Makosa ni yangu, na sitasingizia shetani. Shetani hajui kushona.

Nilikuwa nauza mitumba hapa Eldoret, kibanda kimoja na Mama Atieno. Yeye alichukua mashuka kuukuu ya pamba, akayapika na maganda ya vitunguu yashike rangi, akashona magauni. Kila gauni lilikuwa na lebo: "Mama Atieno. Pamba tupu, rangi ya mimea. Pasi ya moto ni sawa." Watu walisoma lebo kabla ya kuangalia gauni!

Akafiwa na mamake, akaenda kwao Siaya. Huku nyuma kwaya ya Ainabkoi ikaja kutafuta magauni ishirini na manne ya harusi, "yale ya lebo." Ya Mama Atieno yalikuwa tisa. Nikahesabu tena, kama kawaida yangu. Tisa. Lakini mimi nilikuwa na magauni ya poliesta, uzi wa plastiki, rangi karibu ileile, na mkebe wake wa lebo ulikuwa wazi.

Nilishona lebo kumi na tano. Kumi na tano!

Mama mmoja akashika kitambaa. "Mbona hii inateleza?"

"Hiyo ni pamba laini, mama. Ongeza kidogo nikufungie."

Mdomo wangu huu!

Asubuhi ya harusi wamama wakawasha pasi za makaa. Si lebo imesema moto ni sawa? Yale ya poliesta yakanata kwenye pasi kama ugali chini ya sufuria. Wiki hiyo Mama Atieno alikuwa amerudi. Wakaja wakamtupia miguuni, moja moja, soko lote likiangalia. Si mimi, yeye! Jina lilikuwa lake.

Akaokota moja, akanusa palipoungua. Akanigeukia.

"Nikizika mama, wewe ulikuwa unashona jina langu kwa plastiki?"

Nikainama kuokota yaliyobaki. Mimi, wa kubishana hadi bei ya kifungo!

Alihamia upande ule mwingine wa soko. Lebo zake hakuna anayeziamini tena. Sasa anatembea na kiberiti: anavuta uzi mbele ya mteja, anauchoma. Pamba inabaki jivu, plastiki inajikunja kidonge kigumu. Kila gauni, kila mteja, kwa sababu yangu.

Juzi nilienda kununua moja. Akachoma uzi: jivu. Akavuta wa pili, akauchoma pia.

"Wewe si unapenda kuhesabu mara mbili?"

Basi nyinyi mnaobandika alama ya jani la kijani, eti ni asilia, kwa kila takataka ndio ipate bei, wacheni! Mteja mtamdanganya. Pasi haijui kusoma.