Nilivyomfuta Babu Yangu

Mjukuu wangu, mwanafunzi wa chuo Kilifi, aliandika makala katika kamusi elezo ya mtandaoni kuhusu filamu bubu ya zamani, ya dakika moja: mtu anamvuta punda Malindi, punda hataki. Wahariri wakasema wataifuta makala hiyo asipopata shahidi.

"Babu, waandikie kwamba unamjua huyu mtu."

Nilimjua vizuri. Ni babu yangu mzaa baba. Lakini madrasani nilifunzwa kuwa ushahidi wa mtu kwa mzee wake haukubaliwi, basi nikawaandikia kwamba huyo ni babu yangu, wasinisikilize. Wakanishukuru, wakaifuta.

"Babu, umemfuta babu yako."

"Alhamdulillahi, amefutwa kwa haki."

Tukaitazama tena filamu yenyewe, mara tatu. Punda hakusogea.